Solo na okestra zisizovuma: ukiwa na pesa ya CD moja, ununue ipi?

Konseto za piano za Grieg na Tchaikovsky (kazi za mpiga solo na okestra) kila mtu anazo. Ukitaka kuingia vichochoroni, kwenye kazi za karne ya 19 ambazo hazipigwi mara kwa mara, anza na Konzertstück (yaani "kipande cha konseto") ya Schumann ya 1849. Mbele ya okestra wanakaa wapiga horni wanne, zile tarumbeta zilizojikunja mduara. Okestra inagonga mara mbili tu, pa! pa!, na wote wanne wanaingia kwa kishindo. Sehemu ya mpigaji wa kwanza inapanda juu mno, na mabingwa wanne kwa usiku mmoja hawapatikani kirahisi.

Rekodi ninayoiweka juu ni ya kondakta John Eliot Gardiner na Orchestre Révolutionnaire et Romantique (lebo ya Archiv). Ala ni za enzi ile, na ala za shaba zinakwaruza pale zinapotakiwa kukwaruza. Ubaya wake: imo kwenye seti ya CD 3 pamoja na simfoni za Schumann. Kama simfoni unazo, chukua ya Barenboim na Chicago Symphony, yenye sauti nono zaidi. Na usome dakika nyuma ya jalada! Kazi nzima ni kama dakika 20. Mimi nilishawahi kununua mkusanyiko uliokuwa na sehemu ya mwisho peke yake.

Ya pili ni Konzertstück ya Weber, ya piano, 1821. Mpiga piano Alfred Brendel na kondakta Abbado hawatakuangusha, lakini mimi namtanguliza Ronald Brautigam (BIS), anayepiga piano ya mtindo wa kale. Subiri gwaride: okestra inanong'ona, piano kimya, halafu piano inafumuka kwa mtelezo wa oktavu, vidole vikiteleza juu ya vibonyezo. Piano za zama za Weber zilikuwa nyepesi kubonyeza. Kwenye piano kubwa za leo, mtelezo ule unachuna ngozi ya vidole.

Tatu, CD 2 za klarineti za Thea King (Hyperion). Humo mna vipande viwili ambavyo Mendelssohn aliwaandikia Heinrich Baermann na mwanawe Carl, nao wakamlipa kwa maandazi ya mvuke.

Mfululizo wa Hyperion wa konseto za piano, ulioanza 1991, nimeuweka mwisho kwa makusudi. Umeshapita CD 80, na ukionja ya kwanza tu, Piers Lane akipiga Moszkowski na Paderewski, mshahara umekwenda. Bahati nzuri, tangu Hyperion iingie kampuni ya Universal mwaka 2023, albamu zake zimekuwa zikiwekwa mtandaoni. Sikiliza huko kwanza.