Nilibadilishiwa kioo cha mbele, kamera ikaachwa kipofu

"Mama, taa haijawaka. Endesha tu."

Maneno hayo niliambiwa kaunta, na kijana aliyekuwa anaandika risiti ya mtu mwingine, hakuinua hata macho. Mpaka leo nikiyakumbuka damu inachemka. Kazi ya kioo chenyewe nitaisema, na nitaisema kwa haki, maana aliyeifanya anastahili. Ila naanzia kaunta kwa sababu ndipo nilipodanganywa.

Kilichonipeleka pale ni kokoto. Lori lililonitangulia lilirusha kajiwe kakapiga kioo cha mbele juu katikati, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kakaacha alama ndogo kama nyota. Nikapuuza. Wiki kadhaa baadaye, asubuhi ya baridi kali, nikawasha hita ipulize kioo kilichojaa ukungu, na ile nyota ikatoa mguu. Niliusikia ukilia, tak! Jioni yake ufa ulikuwa umetambaa karibu kutoka ukingo hadi ukingo. Kioo cha mbele ni vioo 2 vilivyogandamizwa na utando wa plastiki katikati yake, kwa hiyo hakikumwagika. Lakini ufa ulikuwa umepita mbele ya kamera iliyo nyuma ya kioo hicho, ile inayotazama barabara ili kusaidia gari kushika njia na kufunga breki za dharura, na ufa wa namna hiyo hauzibwi. Kioo kinatolewa.

Nikapiga simu karakana ya vioo ambayo watu wawili ninaowaamini walinielekeza. Niliuliza swali moja tu kabla sijauliza lingine lolote: gari langu lina kamera, mnaweza kuikalibreti, yaani kuipima na kuirekebisha itazame sawasawa, baada ya kuweka kioo? Nikajibiwa wanafanya kazi yote, kioo na kamera, siku hiyohiyo. Nikaenda.

Sasa niseme habari za mzee aliyeniwekea kioo. Simjui jina, na hata ningelijua nisingeliandika. Alinikaribisha kwa "karibu mwanangu", akanionyesha pa kukaa, nami nikakataa kukaa, nikasimama kumtazama. Alifunika dashibodi na viti kwa shuka safi. Akapitisha waya mwembamba kwenye gundi ya zamani, yeye nje na msaidizi wake ndani, wakawa wanauvuta huku na huku kama wanapasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Kioo kilipotoka hakukimbilia kuweka kipya. Alipitisha kidole kwenye fremu yote taratibu, akasimama kwenye kona moja, akainama. Palikuwa na mkwaruzo mdogo uliofika kwenye chuma. Akausafisha, akaupaka dawa, akangoja ukauke. Akaniambia kutu ikianzia hapo, gundi itashika kutu badala ya kushika gari.

Halafu akapaka gundi mpya nyeusi, mstari mmoja usiokatika, umesimama kama tuta dogo, kuzunguka fremu nzima bila kuinua mkono. Kioo wakakibeba kwa vikombe vya mpira vya kunyonyea, wakakishusha mara moja. Hakikusogezwa tena. Sensa ya mvua akaibandika kwa kipande kipya cha jeli, akachungulia kutoka nje kuhakikisha hakuna kiputo cha hewa, kwa sababu sensa yenye kiputo huwasha waipa kukiwa na jua kali.

Nilipouliza kama naweza kuondoka, alikataa katakata. "Mwanangu, gari likipinduka kioo hiki kinasaidia kushika paa. Mfuko wa hewa wa abiria nao ukifumuka unaegemea hapa. Gundi isiposhika, vyote viwili havina pa kushika." Nikangoja saa kadhaa. Akanionya nisifunge milango kwa kishindo, niache dirisha moja wazi kidogo ili hewa isikisukume kioo, na nisipeleke gari kuoshwa kwa mashine ya presha siku za mwanzo. Tangu siku hiyo imenyesha mvua ya kila aina, na hakuna tone lililoingia wala upepo uliopiga mluzi. Kama karakana ile ingekuwa ni yeye peke yake, ningeandika sentensi moja tu: nendeni.

Haikuwa yeye peke yake.

Mzee alimaliza sehemu yake akaitwa kwenye gari lingine. Mimi nikaenda kaunta kuchukua ufunguo. Kwenye ankara palikuwa na mistari miwili, kioo na kazi yake, kisha "kukalibreti kamera", na mbele ya kila mmoja alama ya vema. Nikasema: lakini gari halijatoka pale lilipo tangu asubuhi, na sijaona mtu ameweka kifaa chochote mbele yake. Imekalibretiwa saa ngapi? Naomba karatasi ya majibu. Ndipo kijana aliponijibu bila kuniangalia, "Mama, taa haijawaka. Endesha tu."

Nililipa. Hilo linaniuma hadi sasa. Nilikuwa nimechoka, giza linaingia, nyuma yangu kulikuwa na foleni, na yeye alisema kwa uhakika wa mtu anayejua. Nikajiambia labda siku hizi gari linajirekebisha lenyewe. Na kweli, yako magari ambayo kamera yake hufundishwa barabarani, gari likiendeshwa kwa mwendo fulani kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri. Ila hata hayo, kwa kawaida, fundi huunganisha kompyuta kwanza na kuiamuru kamera ianze kujifunza. Haijifunzi kwa kutolewa uani.

Siku ya kwanza sikuona kitu. Ya pili nilihisi usukani una ukaidi kidogo, nikadhani ni upepo. Usiku wa siku ya tatu, au ya nne, nilikuwa barabara kuu, kama kilomita 80 kwa saa, binti yangu amelala kiti cha nyuma. Niko katikati kabisa ya njia yangu. Usukani ukaanza kusogea wenyewe mikononi mwangu, taratibu, kwa nguvu ndogo ya kudumu, kuelekea upande wa magari yanayokuja. Ukatetemeka, gari likalia kunionya kwamba naacha mstari, kumbe mimi siachi mstari wowote! Gari ndilo lililokuwa linanitoa. Mbele kulikuwa na taa za basi. Nikaurudisha kwa mikono miwili. Basi likapita. Binti hakuamka.

Kwa mwendo ule gari linakwenda kama mita 22 kila sekunde. Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi kitandani.

Na ile taa? Haikuwaka. Usiku mzima dashibodi ilikuwa safi kabisa. Hili ndilo ninalotaka kila mwenye gari la namna hii alishike: taa huwaka kamera ikigundua hitilafu, mathalani waya umechomoka, au haioni kabisa, au kompyuta ya gari imejua kwamba kamera imeguswa. Kamera inayoona vizuri lakini inatazama pembeni kidogo inaweza isijue kwamba imepotoka. Bado inaamini imekaa kwenye kioo cha zamani. Inafanya kazi yake kwa bidii zote, na kazi yenyewe ni makosa.

Asubuhi nikarudi kwa kijana. Nikamweleza yote, mpaka habari ya mtoto. Akanisikiliza huku anachezea kalamu. Kisha akaniambia, "Mama, mkishaambiwa kuna kamera mnaanza kuiogopa. Kama inakusumbua, izime. Kuna kitufe hapo kushoto kwa usukani."

Izime! Nimelipia kazi ya kurekebisha breki za dharura na usukani, kazi haijafanyika, na suluhisho ni kuzima. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kabisa, maana nikikasirika sana sauti yangu hushuka: je, kazi hii iliyowekwa vema hapa ilifanyika au haikufanyika? Akasema ilifanyika "wakati wa kulitoa gari nje". Kutoka pale ndani hadi getini ni hatua zisizofika hamsini. Sikutukana. Nilitaka sana. Nikachukua ufunguo, nikauzima ule mfumo kweli, si kwa ushauri wake bali kwa hofu, nikaondoka.

Karakana ya pili, ambayo kazi yake ni umeme na kompyuta za magari tu, ilinichukua siku iliyofuata. Kule niliona kazi hiyo inavyofanana, na nikaelewa kwa nini kwenye ile ya kwanza sikuona kitu. Fundi alianza na matairi, akapima upepo wa yote manne. Akaniomba nitoe mizigo yote kwenye buti, hata dumu la maji, kwa sababu gari likiinama nyuma kamera inatazama juu. Sakafu yao ni bapa kabisa. Akatafuta mstari wa katikati ya gari, akapima kwa leza na futi umbali wa kuweka ubao wenye michoro ya miraba myeusi na myeupe. Akausogeza, akapima tena, akausogeza kwa upana wa kidole, akapima tena. Kuupanga tu ubao kulichukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Kisha akaunganisha kompyuta chini ya usukani, kamera ikautazama ubao, na kompyuta ikasoma.

Ilikuwa imegeuka pembeni. Kidogo tu, jicho lisingeweza kuona. Nikamuuliza, kidogo hivyo ndiyo ya kuniua? Akachukua kalamu akanichorea juu ya bahasha: digrii 1 ya kosa, ukienda mita 100 mbele, inakuwa kama mita 1 na sentimita 75. Njia moja ya barabara kuu mara nyingi ina upana wa mita 3 na nusu hivi. Yaani kwa umbali huo kamera inaweza kukosea kwa nusu ya njia. Sikuhitaji maelezo mengine. Akanipa karatasi yenye usomaji wa kabla na wa baada, tukatoka naye kuendesha kwa muda kwenye barabara yenye mistari mizuri, na usukani ukatulia. Nikamuuliza pia kuhusu kioo kilivyowekwa, nikitegemea ataponda. Akapitisha mkono ukingoni, akasema aliyekiweka anajua kazi, kishikio cha kamera kimekaa sawasawa. Kosa lilikuwa moja tu, kamera haikuguswa na mtu yeyote mwenye kifaa.

Nilirudi kule kwa mara ya tatu, na karatasi mkononi. Kijana hakuwepo. Alinipokea yule mzee. Nikamwonyesha. Aliivaa miwani yake, akaisoma karatasi yote mpaka chini, kisha akanitazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sisi ubao huo hatuna. Mimi huwaambia wasiandike." Akaniomba radhi yeye, ambaye hakunikosea chochote. Akanisindikiza hadi kwenye gari, akabonyeza kioo chake kwenye kona ileile aliyoipaka dawa, akaridhika.

Ndiyo maana hukumu yangu inanishinda. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msiende kabisa. Nilipofika kwa mzee, nikafikiri niseme nendeni mkaweke kioo kwake, halafu kamera pelekeni kwingine, mkiwa mmezima mfumo wa kushika njia mpaka ikalibretiwe. Ukiniuliza ubora wa kioo, sijawahi kuona kazi safi kama ile. Lakini ndivyo ninavyoandika na ndivyo hasira inavyorudi, kwa sababu mwingine atakwenda kwa kumfuata mzee, na ankara ataandikiwa na kijana. Ataona vema, ataona dashibodi safi, ataondoka na watoto nyuma. Hapana. Nafuta ile ya pili. Kioo na kamera kwenye gari la siku hizi ni kazi moja, na anayekuuzia nusu kwa jina la nzima amekuhatarisha hata kama nusu hiyo ni nzuri ajabu. Msiende, mpaka wawe na ule ubao au waache kuandika ule mstari.

Ukienda popote, uliza kabla ya kukabidhi ufunguo: mnakalibreti kwa ubao, kwa kuendesha, au kwa vyote viwili? Mnafanyia wapi? Nitapata karatasi ya kabla na baada? Anayeifanya kazi hiyo kweli atakujibu bila kufikiri, na huenda akakuuliza mwenyewe kama buti lina mizigo.

Pesa ya ule mstari wa pili bado sijarudishiwa. Wameniambia anayehusika na marejesho yuko safarini. Ankara yenye vema nimeipiga picha, nakala yenyewe iko kwenye droo ya gari pamoja na ile bahasha yenye mchoro, na wiki ijayo nikitoka kazini nitapitia tena pale.