Tathmini ya duka la vitabu vya Kikristo: bidhaa nzuri, mpangilio unaowatenga Wakatoliki

Duka hili lililo katikati ya Dar es Salaam ni miongoni mwa machache ambamo mtu hupata kwa mkupuo mmoja Biblia ya jalada gumu, kitabu cha tenzi, ufafanuzi wa Agano Jipya na vitabu vya watoto wa shule ya Jumapili. Bei zimebandikwa kwenye kila kitabu, wahudumu wana subira, na mteja huruhusiwa kufungua na kusoma kabla ya kununua. Kwa hayo sina neno.

Ninalo neno kuhusu rafu. Katekisimu, misale (vitabu vya sala za Misa), rozari na Biblia zenye vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile vya Agano la Kale vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki lakini havimo katika Biblia nyingi za Kiprotestanti, zimewekwa nyuma kabisa, chini ya kibao kilichoandikwa "Dini nyingine", na nilipouliza sababu, mhudumu alinijibu kwa upole kwamba mbele huwekwa vitabu vya Wakristo. Mimi ni Mlutheri, wala sina haja ya kuutetea upapa. Lakini jibu hilo si sahihi, na duka linalojiita la Kikristo halipaswi kumpa mteja jibu la namna hiyo.

Mkatoliki hubatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na akihamia kwetu habatizwi tena, kwa kuwa ubatizo wake tunautambua, kama Kanisa lake linavyoutambua wa kwetu. Imani ya Nikea, yaani ungamo la imani lenye mzizi katika mtaguso wa mwaka 325, ni yao kama ilivyo yetu. Tofauti zipo, tena nzito: mamlaka ya Papa, kuwaomba watakatifu, toharani, nafasi ya Bikira Maria. Hata hivyo, hizo ni tofauti za watu wanaomkiri Kristo yule yule kuwa Bwana. Hata fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani, yaani kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa kumwamini Kristo, ambalo ndilo lililokuwa kiini cha ugomvi wa Martin Luther na Roma, lilijadiliwa kwa miaka mingi hadi Walutheri na Wakatoliki wakatia saini tamko la pamoja juu yake mjini Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999. Mtu hatii saini tamko la namna hiyo na watu wa dini nyingine.

Kama kinachowatia shaka wenye duka ni Deuterokanoni, wakumbuke kwamba Luther mwenyewe aliviweka vitabu hivyo katika Biblia yake ya mwaka 1534, katika sehemu ya peke yake, akisema vinafaa kusomwa ingawa havilingani na Maandiko Matakatifu. Tena Biblia Habari Njema, iliyojaa katika rafu ya mbele ya duka hilo hilo, ni tafsiri iliyotokana na ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti.

Linaloniuma zaidi ni kwamba jambo hili linafanyika hapa kwetu. Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, inayoratibu hospitali na shule za makanisa nchini, iliundwa mwaka 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo ni umoja wa makanisa ya Kiprotestanti. Na huko Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja kwa sababu ya Kristo mmoja. Sioni ni kwa kipimo gani mtu angewahesabu nusu yao kuwa Wakristo na kuwaacha wengine.

Kwa bidhaa na huduma ninalipa duka nyota nne kati ya tano. Kwa mpangilio, nyota moja. Kibao kile kiondolewe, na vitabu vya Kikatoliki viwekwe mbele, chini ya jina la dhehebu lao kama vya madhehebu mengine. Kwa sasa, anayetafuta Biblia yenye Deuterokanoni aulize kaunta, kwa sababu asipouliza hataiona.