TAHADHARI: Anakuuzia VPS, domeni anaiandika kwa jina lake

Wakuu, hili jambo la muuzaji wa seva nimekaa nalo wiki tatu nikidhani nitamalizana naye kimyakimya. Imeshindikana. Jina lake silitaji, ila mbinu zake nazianika ili ukikutana naye, au na mwenzake wa aina hiyo, umtambue mapema.

Alianza vizuri mno. Seva (ndiyo VPS, sehemu ya kompyuta kubwa ya mtandaoni unayokodi kuweka tovuti) alinikabidhi siku ileile, ujumbe anajibu hata saa sita usiku, na domeni, yaani anwani ya tovuti inayoishia na .com, akanisajilia bure, "zawadi kwa mteja mpya". Hiyo zawadi ndiyo iliyonimaliza, nitaifikia.

Mwezi wa pili tovuti ikaanza kuugua. Kurasa zinafunguka, lakini mtu akijaribu kuingia kwenye akaunti yake anarudishwa palepale alipotoka. Nikamwandikia. Hata dakika mbili hazikupita, akajibu kwamba nimevamiwa na wadukuzi, nilipie usafi. Nikalipa. Ikapona siku kumi, ikaugua tena: wadukuzi walewale, malipo mengine. Mara ya tatu nikajitosa mwenyewe kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali na kuiandikia amri. Logi ya PHP (daftari la makosa la lugha inayoendesha tovuti yangu) ilikuwa imejaa mstari mmoja unaojirudia, "No space left on device", yaani diski imejaa. Nikapiga df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski: diski imetumika asilimia 41 tu. Nikakuna kichwa. Ndipo nikakumbuka df -i, inayohesabu mafaili badala ya nafasi, na hiyo ikasema asilimia 100. Yaani nafasi ipo tele, ila idadi ya mafaili ambayo diski inaweza kuyaorodhesha imeisha. Folda ya sesheni za PHP (vifaili vinavyokumbuka kila mgeni wa tovuti) ilikuwa na vifaili zaidi ya milioni moja, vingi vitupu kabisa, maana kila roboti ya utafutaji ikipita inafunguliwa sesheni mpya, na kazi ya kron (amri inayojiendesha yenyewe kwa ratiba) ya kuzifuta zilizopitwa na wakati haikuwepo. Sijui aliizima au hakuwahi kuiwasha, sitaki kumsingizia. "Usafi" niliokuwa nalipia ulikuwa amri moja ya find, ya kutafuta mafaili na kuyafuta, na hata hiyo alikuwa anafuta sehemu tu. Mdukuzi hakuwahi kukanyaga pale.

Katikati ya hayo alikuwa ameshanipandisha kifurushi, eti seva imezidiwa. Nikalipia kumbukumbu ya GB 8. Siku nilipopiga free -m, amri ya kupima kumbukumbu kwa MB, nikakuta 1987, yaani hata GB 2 hazijatimia. Nikafungua top, inayoonyesha kazi za seva: ile namba ya st ilikuwa inacheza kwenye asilimia 38. Kwa asiyeijua, st ni muda ambao programu zako ziko tayari kufanya kazi lakini mashine mama inawahudumia majirani zako kwanza. Ikikaa juu hivyo saa zote, ujue mashine imegawiwa wateja wengi kuliko uwezo wake. Nilimtumia picha ya skrini. Akasema Linux huwa inahesabu tofauti!

Cheti cha SSL (kinachoweka alama ya kufuli kwenye kivinjari) nacho alinitoza cha mwaka mzima. Nilipofungua maelezo ya cheti nikakuta kimetolewa na Let's Encrypt, ambao hawamtozi mtu hata senti, na cheti chenyewe kilikuwa cha siku 90 tu. Kulipia kazi ya kukifunga ni sawa, fundi naye anakula. Huyu alisema hela inakwenda kwa watoa cheti.

Sasa domeni. Nilipoamua kuhama nikamwomba msimbo wa uhamisho, nywila ya kuhamishia domeni kwingine, akaubana. Kwa kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, mmiliki wa .com akiuomba, msajili (kampuni domeni iliposajiliwa) anatakiwa ampe ndani ya siku 5. Nikapeleka malalamiko kwa msajili nikiwa kifua mbele kabisa. Wakanijibu kwa upole kwamba wao wanamjua aliyeandikwa mmiliki, na aliyeandikwa siyo mimi. Jina, barua pepe, akaunti, vyote vyake. Nina risiti za seva, za domeni sina, kwa sababu ilikuwa zawadi. Tovuti nimeihamisha, ila anwani ambayo wateja wangu wanaijua bado ameishika yeye, na anataka niinunue.

Kuangalia whois, orodha ya wazi ya wamiliki wa domeni, peke yake hakutoshi, tangu 2018 majina mengi yamefichwa. Kipimo ni kimoja: je, unaweza kuingia kwenye akaunti ya msajili kwa barua pepe na nywila yako mwenyewe, ukabadilisha nemseva (mpangilio unaoamua domeni ielekee seva ipi) bila kumwomba mtu? Kama huwezi, domeni haiko mikononi mwako, hata kama ina jina la biashara yako.

Ambao tayari mmenasa kwa muuzaji wa namna hii: vuteni bekapu (nakala ya akiba) usiku huu huu, mafaili pamoja na hifadhidata, muiweke nje ya seva yake, ndipo mmuulize habari za domeni. Mimi nilianza na swali. Kesho yake asubuhi mlango wa SSH ulikuwa umefungwa, na bekapu niliyobaki nayo ilikuwa ya miezi miwili nyuma.