Honda XR150L: uzoefu wangu baada ya kuachana na pikipiki kubwa, mzee wa miaka 60 na kitu

Naona vijana wengi wanaulizia hii pikipiki ila maswali yao yote ni spidi na mzigo, inakimbia ngapi, inabeba magunia mangapi. Mimi naandika kwa ajili ya wazee wenzangu, wale ambao moyo bado unataka vumbi na milima ila magoti na kiuno vimeshaanza kulalamika. Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke nalo: ukishafika umri wetu angalia uzito kabla ya kitu kingine chochote. Injini baadae, rangi baadae, uzito kwanza. XR150L ina kilo kama 129 na hiyo ndio sababu mimi mpaka leo bado naenda kule ambako lami haijafika.

Nimekulia kazini juu ya pikipiki. Nilikuwa bwana mifugo huku nyanda za juu kusini na mradi ulitupa Yamaha DT125, namba ya DFP ile ya miradi ya wafadhili, tu-stroku ile yenye kitanki chake cha oili ya 2T, ukiipiga kiki asubuhi kwenye baridi ya Mufindi moshi wa bluu unajaa uani na harufu yake ile mimi mpaka leo nikiisikia mahali nageuka. Na ile DT nimepita njia za ng'ombe, nimevuka mito nimeibeba kwenye mtumbwi, nimelala vijiji ambavyo gari lilikuwa linaingia kiangazi tu. Wenzangu waliona ni mateso, wakihamishiwa ofisini wanafanya sherehe, mimi nilikuwa naomba ratiba za mbali. Kwahiyo haya mapenzi sikuyaanza juzi.

Nilipostaafu nikachukua sehemu ya kiinua mgongo nikanunua pikipiki kubwa ya cc 1200, yale madude ya safari ndefu, ilishatumika ila nzima. Sitasema ni mbaya maana sio mbaya. Ukiishika lami ya Iringa kwenda Makambako unajihisi umerudi miaka 25, malori unayapita bila hata kushusha gia, mama watoto nyuma amekaa vizuri anaangalia misitu. Shida ilikuwa ikishaacha lami. Zaidi ya kilo 230 kabla hujaweka begi wala mafuta ya akiba, ukisimama kwenye mteremko wa kokoto mguu mmoja ukiteleza kidogo tu basi inakwenda, na ikilala imelala, mimi peke yangu siinyanyui, inabidi nikae nisubiri wapita njia. Ikalala Kilolo wakanisaidia vijana waliokuwa wanatoka shambani, wakanyanyua kwa heshima kabisa, shikamoo mzee, pole mzee, lakini toka siku hiyo nikaanza kubadilika bila kujua. Nikawa naangalia njia ya vumbi inaingia kulia, naitamani, afu nabaki kwenye lami. Nikawa nauliza kwanza mvua ilinyesha lini huko. Nikawa nachagua barabara kwa woga, na mtu aliyependa njia mbaya maisha yake yote akianza kuchagua barabara kwa woga hapo ameshaanza kuacha pikipiki, bado tu hajatangaza.

Na hili la uzito ukilitazama kwa historia yake linashangaza. BMW walipotoa R80 G/S mwaka 1980, ambayo wengi wanaihesabu kama mama wa hizi pikipiki kubwa za safari, ilikuwa chini ya kilo 190, na mwaka uliofuata Mfaransa Hubert Auriol akashinda nayo mbio za Paris-Dakar, jangwani kabisa. R 1250 GS ya juzijuzi hapa ni kilo 249. Yani pikipiki zimeongezeka uzito miaka ile ile ambayo sisi tuliozitamani tukiwa vijana tumezeeka na tumepata hela ya kuzinunua. Nguvu inapungua huku mzigo unaongezeka, hesabu hiyo haikubali.

Basi nikaiuza nikachukua XR150L. Wanangu walifurahi wakadhani naacha.

Kwa wasioijua: injini ni cc 149, silinda moja, inapozwa na hewa, inatumia kabureta, gia 5. Tairi la mbele inchi 19 la nyuma 17, rimu za spoku, breki ya mbele diski nyuma dramu. Tanki langu ni la lita 12. Hamna skrini, hamna modi za kuchagua, hamna kitu cha kukuuliza ubonyeze nini, ni stata na safari. Kwangu kwa mwendo wa taratibu lita moja inavuka kilomita 35 bila shida kwahiyo fuli tanki unakwenda kilomita 400 na kitu, huko vijijini ni jambo kubwa maana mafuta mengi yanauzwa kwenye chupa za maji na hujui yamechanganywa na nini.

Nilitaka kuipima mahali pa kweli nikaipeleka Chimala kupanda Matamba. Mnaoijua mnaijua. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, ni idadi ya kona, barabara inaacha bonde la Usangu inapanda ukuta wa mlima kuelekea Kitulo, kona zile za kugeuka nyuma kabisa unakotoka, ukimaliza hii unaitazama nyingine juu ya kichwa. Nilipopita mimi mvua zilishaanza, katikati ya barabara mifereji, pembeni kokoto zinazoviringika, na malori ya viazi yanashuka yanapiga honi kabla ya kila kona, na wewe inabidi upige honi yako vilevile na ukae upande wako hata kama upande wako ndio mbaya. Gia ya kwanza na ya pili tu mpaka juu. Hapa ndio nikaelewa nimenunua nini. Ile kubwa ingekuwa kila kona napiga hesabu nitaweka wapi mguu, hii nilikuwa nasimama kwenye fututi, vile vyuma vya kukanyagia miguu, magoti yanabana tanki, naangalia mbele, tairi la mbele linateleza kidogo linarudi lenyewe.

Na ililala, kwenye kona moja ya udongo mwekundu uliolowa, mwendo wa mtu anatembea. Ni kitu cha kawaida njia hizo na sikuumia popote. Nikazima, nikafunga koki ya mafuta, nikaigeuzia mgongo, nikachuchumaa, mkono mmoja umeshika usukani mwingine keria, nikasukuma kwa miguu huku narudi nyuma hatua ndogo ndogo, ikasimama. Peke yangu! Hamna kijana wa kuomba, hamna kusubiri. Wazee wenzangu mjifunze hiyo namna ya kunyanyua, nguvu itoke mapajani, usiinyanyue kwa kuinama umeitazama utavunja kiuno. Nikakaa pembeni kidogo nikanywa maji naangalia bonde lote la Usangu kule chini, jamani mimi nilikuwa na furaha siku ile ambayo sijaipata toka enzi za DT.

Kule juu Kitulo ni mita kama 2,600 hivi, wenyewe wanapaita Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa toka 2005 kwa sababu ya maua, mvua zikiwepo nyasi zote zinabadilika rangi. Ila pikipiki ya kabureta utaisikia inakosa pumzi. Hewa ni nyembamba, injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapoteza karibu robo ya nguvu zake kwa urefu ule, na kabureta haijui kwamba hewa imepungua inaendelea kumwaga mafuta yale yale, plagi inakuwa nyeusi. Sio ubovu, ndio kabureta ilivyo, ukishuka inarudi kawaida. Wewe panda kwa gia ndogo usiibane, na filta ya hewa iwe safi. Halafu chukua glavu za maana, vidole vikiganda hushiki breki na kwa umri wetu damu inachelewa kufika huko.

Sasa sehemu ambazo haikufai. Barabara kuu ya Tunduma. Cc 149 ni cc 149, kilomita 80 kwa saa inakwenda vizuri, zaidi ya hapo unailazimisha tu, na malori yanayokwenda Zambia na Kongo yakikupita upepo wake unakusukuma hadi kwenye mstari wa pembeni. Mimi siku hizi natoka saa 12 asubuhi kabla hayajajaa na napumzika kila baada ya saa moja na nusu. Kiti ni chembamba kama pikipiki zote za vumbi maana zimetengenezwa usimame, nimepeleka kwa fundi wa viti akaongeza sponji na sasa nakaa nusu siku. Kubeba mtu safari ndefu usahau, mama watoto ameshasema yeye atapanda basi tukutane huko huko, na tumeshafanya hivyo na imekuwa raha. Urefu wa kiti ni kama sentimita 82 kwahiyo kama wewe ni mfupi nenda kaikalie kwanza dukani, vaa viatu utakavyosafiria, pandisha na kushusha mguu mara nyingi, goti litakwambia ukweli hapo hapo.

Mikoba ya pembeni nilinunua duka moja mjini, mkanda ukakatika kabla hata sijafika mbali, nikafunga kwa mpira wa baiskeli mpaka nyumbani. Keria ya kiwandani inatosha, begi moja lisilopitisha maji na mipira miwili, basi. Ukibeba vingi unarudisha ule ule uzito uliokimbia.

Matengenezo ndio raha nyingine. Nilipata pancha karibu na Igawa, msumari, nikasukuma hadi kijiwe cha bodaboda. Dogo mmoja akaniamkia, shikamoo babu, unatoka wapi na hii? Nikamwambia Matamba, akaita wenzake waje waone. Tairi linatumia tyubu kwahiyo akatoa, akaziba, akarudisha, muda wa chai na chapati moja tu. Ile kubwa ingekuwa ni kutafuta gari la kuibeba. Oili, plagi, kurekebisha cheni, hivyo vyote fundi wa bodaboda yeyote anaviweza, ila spea za Honda agiza halisi hata kama unasubiri, hasa cheni na spoketi. Tairi nilizobadilisha kwanza, nikaweka zenye meno makubwa kidogo, kwa matope ni lazima.

Macho nayo mkapime. Mimi giza likianza tu napaki, nilishaliwekea sheria hilo, taa ya mbele inamulika vya kutosha kijijini ila ng'ombe mweusi usiku humuoni kwa taa yoyote.

Mvua zikiisha nataka kuipeleka kaskazini, Mto wa Mbu kwenda Engaruka mpaka Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai. Aliyepita njia ile karibuni na pikipiki ndogo aniambie mchanga ukoje na mafuta ya uhakika ya mwisho yanapatikana wapi. Na kama kuna mzee mwenzangu ana nyepesi yake na anataka kuja, tutatembea 60 kwa saa na tutasimama kila penye chai.