Vipakiti vya oti vyenye ladha, oti tupu au uwele? Ununue nini kwa kifungua kinywa ukiwa Dodoma

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wapo wanaoziita oti shayiri, lakini shayiri ni nafaka nyingine, ile ambayo safari yake mara nyingi huishia kwenye bia. Dukani ulizia oti, utaeleweka.

Naandika kwa watu wa aina yangu: kazini ni Mtumba, kilomita kama 17 kutoka mjini, watoto hawajavaa soksi, gesi inakaribia kuisha. Kisanduku cha vipakiti chenye picha ya tufaha na mdalasini kinakutazama rafuni kama mkombozi. Unachana, unamimina kikombeni, maji ya moto ya chupa, dakika mbili kwisha. Nilikinunua. Mwanangu wa darasa la nne akawa anakula vipakiti viwili kila asubuhi, na kila akirudi wimbo ni ule ule: "Mama, leo njaa imenibana hata kengele ya mapumziko haijalia." Ndipo nikageuza kisanduku kusoma maandishi ya nyuma.

Kipakiti cha kawaida chenye ladha kina gramu 40 na kidogo. Humo mna kalori kama 160, protini gramu 4, nyuzinyuzi gramu 3, na sukari gramu 10 hadi 12. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4, kwa hiyo kila kipakiti ni karibu vijiko vitatu, na mwanangu alikuwa anafikisha karibu sita kabla hajagusa chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo asilimia 5 ni gramu 25. Mtoto kiwango chake ni kidogo zaidi.

Sumu si sumu, oti bado zimo. Kipakiti kimoja ukikishindanisha na maandazi mawili na chai iliyokolea sukari, mimi nakipa ushindi kipakiti. Tatizo ni kwamba jirani zake rafuni wanamzidi. Hivi ndivyo ninavyowapanga.

1. Oti tupu, zile bapa kubwa za kupika

Kwenye viambato pameandikwa neno moja tu: oti. Gramu 40 zina protini gramu 5 na nyuzinyuzi gramu 4, na sukari haifiki hata gramu 1. Sehemu ya nyuzinyuzi hizo ni beta-glukani, ule utelezi unaouona uji ukishaiva. Gramu 3 za beta-glukani kwa siku husaidia kushusha lehemu mbaya kwenye damu, na bakuli moja linakupa karibu nusu yake. Ukubwa wa bapa nao una kazi. Katika kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari mwilini, ambapo glukosi ni 100, bapa kubwa huwa karibu 55 na za papo hapo karibu 80, kwa sababu za papo hapo zimepikwa kabla na kukandamizwa zikawa nyembamba. Mwenye kisukari nyumbani aanzie hapa.

Haraka ya asubuhi ina dawa: loweka usiku kwenye maziwa au mtindi, weka kwenye friji, asubuhi unakula bila kuwasha jiko. Utamu upo mlangoni kwetu, maana Dodoma zabibu zinavunwa misimu miwili kwa mwaka. Zikiwa kavu weka kijiko kimoja tu, kwani zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Ongeza karanga kiganja kimoja; hapo njaa itasubiri mchana.

Bei usiipime kwa ukubwa wa kisanduku. Vipakiti 10 vya gramu 40 ni gramu 400 tu. Gawanya bei kwa gramu hapo hapo rafuni, kisha fanya hivyo kwa kopo la oti tupu.

2. Uwele au ulezi

Kwa mfuko wangu hii ingekuwa namba moja; imeshuka kwa sababu inataka muda. Uwele una protini gramu 11 hivi kwa kila gramu 100, unazikaribia oti. Ulezi kwa protini uko chini, kama gramu 7, lakini kwa kalsiamu unaziacha oti mbali, zaidi ya mara tano. Mgogo aliyekulia uji wa uwele hakuwa na cha kujifunza kwenye kisanduku.

Nunua nafaka nzima soko la Majengo au Sabasaba, peta, osha, anika, peleka mashineni. Saga kidogo kidogo: uwele una mafuta, na unga wake huanza uchungu upesi, hasa joto la Oktoba.

Unga wa lishe uliochanganywa mahindi, karanga na soya sikuupa namba, maana kila mfuko una habari yake. Mwaka 2016 watu walifariki huku Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga nazo hushambuliwa na ukungu huo huo. Kupika hakuiondoi. Mfuko usio na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wala tarehe, uache.

3. Oti tupu za papo hapo

Hazishibishi kama bapa kubwa, ila sukari unaiamua mwenyewe. Weka kopo moja ofisini.

4. Vipakiti vyenye ladha

Ukilazimika, tafuta chenye sukari chini ya gramu 6, na usome viambato: vile vipande vyekundu vya stroberi wakati mwingine ni tufaha lililotiwa rangi. Kipakiti peke yake si mlo, kisindikize na yai.

Mwanangu bado anadai cha mdalasini. Anakipata Jumamosi, nusu kipakiti, juu ya bakuli la oti tupu.