Fundi wa maandishi yanayotembea, Mtaa wa Rwagasore

Nilimpelekea fundi huyu tangazo la sekunde 20 la mfanyabiashara wa dagaa wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, baada ya kuhangaika siku mbili na maandishi yaliyokuwa yakivuka kioo kwa kurukaruka. Kazi niliitengeneza kwa After Effects, programu ya kompyuta ya kutia mwendo kwenye picha na maandishi, na nilipopanda ngazi za ofisi yake nilikwisha kuamini kwamba dawa pekee ni kununua kompyuta nyingine.

Kilichonivutia ni kwamba hakuigusa programu kwanza. Aliomba video iliyokwisha kutolewa kwenye programu kama faili kamili, akieleza kwamba onyesho la ndani ya programu hukwama fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, zinapokuwa hazijaingia zote kwenye kumbukumbu, na kwamba mstari wa kijani ulio juu ya leya (tabaka za picha na maandishi) ndio unaoonyesha zilizo tayari, kwa hiyo kukwama huko si lazima kuwe kasoro ya kazi yenyewe. Kisha akaisogeza video fremu moja moja kwa kitufe cha mshale, akihesabu kwa sauti. Kila alipomaliza fremu tano, ya sita ilikuwa ile ile ya tano.

"Dada, mashine yako haiumwi," alisema. "Umetengeneza kwa fremu 25 kwa sekunde, ukatoa kwa 30, ndiyo maana moja inajirudia."

Ni kweli. Nilichagua 30 wakati wa kutoa kwa kuwa simu niliyorekodia hutumia kasi hiyo. Kwenye picha za dagaa walioanikwa, ambazo hazina mwendo mwingi, kasoro haikuonekana, lakini neno jeupe linalopita kwa mwendo mmoja haliwezi kuificha.

Kosa la pili lilikuwa kwenye bei, ambayo nilitaka ijitokeze herufi baada ya herufi kama inayopigwa kwa taipureta, ila kila tarakimu ilianza kama kivuli kabla ya kukolea. Fundi alifungua kichaguzi cha herufi, akashuka hadi kwenye kipimo cha ulaini, kinachoamua herufi ikolee polepole kiasi gani, ambacho programu hukiweka asilimia 100, akaandika 0. Tarakimu zikaanza kutokea kwa mkupuo, moja moja. Nami nilikuwa nimekesha nikibandika alama za mwendo, zinazoiambia programu kitu kibadilike lini, kwenye kila tarakimu!

Nina lalamiko moja. Fonti ya kichwa cha tangazo haikuwamo kwenye kompyuta yake, hivyo programu iliweka nyingine iliyo pana zaidi na neno "WAKAVU" likakatika ukingoni. Angeniambia kwenye simu nije na faili la fonti, asingenirudisha Buzuruga kwa daladala katikati ya jua la mchana. Nilipomuuliza kama ningegeuza maandishi kuwa maumbo ili kuepuka usumbufu huo, alikubali kwamba inawezekana, lakini akanitahadharisha nihifadhi kwanza leya ya awali, kwa sababu herufi zikishakuwa maumbo hazihaririki tena kama maandishi, na wateja wa Mwaloni hubadili bei kila mara.

Alinitoza shilingi 30,000. Kwa anayejua kusoma mipangilio ya programu, hiyo ni pesa nyingi kwa kazi ya saa moja na nusu. Kwangu mimi ilikuwa halali, kwani alinifanya nibonyeze kila kitufe mwenyewe badala ya kunikabidhi video iliyokamilika. Aliuhifadhi mradi uliorekebishwa kwa jina jipya na kuniachia wa zamani kama ulivyokuwa, na jioni ile ile niliifungua miradi yote miwili sambamba nyumbani nikalinganisha mipangilio yake.