Tulivyoingia Jumba la Opera la Maskati, mimi na shangazi

Shangazi ameishi Maskati tangu aolewe, na alikuwa hajawahi kutia mguu katika Jumba la Opera la Kifalme. "Yale ya wakubwa, mwanangu." Nilipomtembelea kutoka Mombasa nilikata tiketi mbili za orofa ya juu, kwenye bei nafuu, nikamwambia atoe buibui lake zuri.

Jueni kwanza kwamba jumba haliko Maskati ya kale. Asubuhi nilizunguka chini ya ngome za Jalali na Mirani, kazi ya Mreno wa karne ya 16, yuleyule aliyetujengea Fort Jesus, nikadhani jioni nitakwenda kwa miguu. Wapi! Liko Shati al-Qurum, ni mwendo wa gari, na magharibi barabara hujaa. Tokeni mapema. Jinzi na fulana acheni nyumbani. Mimi nilivaa kanzu, koti na kofia ya viua, na mle ndani kumma, zile kofia za Waomani, zilinifanya nijione niko kwetu siku ya Ijumaa.

Lilijengwa kwa amri ya Sultani Qaboos, likafunguliwa 2011. Nje ni mawe meupe na matao. Ndani mbao za kuchongwa zimepanda mpaka darini. Viti ni kama 1,100 tu, kwa hiyo hata kule juu hukosi kitu. Waimbaji hawakuwa na maikrofoni, na bado nilisikia mmoja akivuta pumzi kabla ya kuimba.

Lakini kilichotufaa zaidi ni kiskrini kilicho nyuma ya kiti cha mbele yako. Opera ilikuwa ya Kiitaliano. Unachagua tafsiri ya Kiarabu au Kiingereza, maneno yanakwenda sambamba na wimbo. Shangazi alisoma Kiarabu. Pale mwanamke alipoagana na mpenziwe, alinishika mkono, hakuuachia mpaka taa zikawaka.

Wakati wa mapumziko, kina mama wawili nyuma yetu walikuwa wakibishana kwa Kiunguja safi kama yule bwana anastahili kusamehewa. Shangazi akageuka: "Hata! Asisamehewe." Basi wakawa watatu, na mimi nikatumwa maji.

Mfuko ukibana, kuna ziara za mchana za kuongozwa. Ila mkiweza, nendeni usiku.

Juzi shangazi amenipigia simu nimfundishe kukata tiketi mtandaoni. Anataka tatu.